Biashara Haikuleta Haki Usambara

Kwa zaidi ya miaka thelathini limekuwa likirudiwa katika miji mikuu ya Ulaya dai moja lenye sura ya hekima. Linasema kwamba anayetaka haki za binadamu zistawi nchini China hana haja ya kugombana na watawala wa Beijing. Na afanye nao biashara tu. Bidhaa zikivuka mpaka, fikra nazo zitavuka. Mfanyabiashara aliyetajirika atataka sheria za kumlinda, mfanyakazi aliyeshiba atataka kusikilizwa, na mwishowe haki itaingia kwa mlango ule ule ulioingiza mitambo na magari. Wajerumani wamelipa dai hilo jina la mkato, "mabadiliko kwa njia ya biashara", na serikali zao za vyama mbalimbali zimeliegemea kila mara zilipotakiwa kujibu swali gumu.

Ni dai tamu. Humwezesha anayelitoa kupata fedha na kujiona mwema kwa wakati mmoja. Lakini si dai jipya, wala halikuanzia China. Lilikwisha kujaribiwa mahali pengine, kwa muda wa kutosha, na matokeo yake yanajulikana. Mahali hapo ni milima ya Usambara.

Mwalimu anayefundisha historia Lushoto hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mji anamofanyia kazi uliitwa Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wa Ujerumani. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Mombo mwaka 1905 haikuwekwa pale ili Msambaa apate haki. Iliwekwa ili mazao na mbao za milimani zifike pwani. Hata hivyo, mwanzo wa habari yenyewe ulikuwa mtukufu kwa maneno. Mapema mwaka 1889 Bunge la Ujerumani lilipitisha sheria ya kutoa marki milioni 2 kwa ajili ya Afrika Mashariki. Kichwa cha sheria hiyo kilitaja mambo mawili: kupiga vita biashara ya watumwa, na kulinda maslahi ya Ujerumani. Haki za binadamu zilitangulia, biashara ikafuata. Ndivyo karatasi ilivyosema.

Kwa fedha hizo Hermann von Wissmann aliajiri askari, akavunja upinzani wa watu wa pwani, na mwezi Desemba mwaka huo huo Abushiri bin Salim akanyongwa Pangani. Maslahi ya Ujerumani yakalindwa barabara. Na utumwa je? Wajerumani walitawala kiasi cha miaka 30 bila ya kuufuta. Walitangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, lakini hali yenyewe ya mtu kumilikiwa na mtu iliendelea kutambuliwa mpaka ilipofutwa kwa sheria mwaka 1922, Waingereza wakiwa wamekwisha kuitwaa nchi. Nusu moja ya kichwa cha sheria ilitekelezwa kwa bunduki mwaka ule ule. Nusu ya pili ilingoja miaka 33, ikatekelezwa na watu wengine.

Halafu wakaja Wachina. Habari hii haikumbukwi na wengi, nayo ndiyo inayoipa Usambara neno la kusema katika ubishi wa leo. Mwaka 1892 makampuni ya Kijerumani, yakiwa yamekosa vibarua wa mashamba yao mapya, kahawa ya Derema milimani na tumbaku ya Lewa chini yake, yaliagiza mamia ya vibarua wa Kichina na wa Kijava kutoka Singapore. Watu hao walivushwa bahari kama shehena nyingine yoyote, wakaletwa katika nchi ambayo hawakuijua lugha yake wala magonjwa yake. Wengi waliugua, wengine wakafa, waliobaki wakarudishwa makwao baada ya muda mfupi, na jaribio likaachwa. Katika madaftari ya makampuni kosa lake lilikuwa moja: lilikuwa ghali. Hivyo Mchina alipata kuwa bidhaa katika biashara ya Ulaya karne moja kabla ya wakuu wa Ulaya kuanza kutoa hotuba juu ya haki zake, na hiyo ilikuwa katika ardhi hii hii ambamo leo mtoto wa shule ya Amani au Muheza hupita akienda darasani.

Walipokosekana Wachina, walikuwako Wasambaa. Wasambaa walikuwa na migomba yao na mahindi yao, wala hawakuona sababu ya kuyaacha ili wakapalilie kahawa ya mgeni kwa ujira wa kudunisha. Kodi ya nyumba, iliyotangazwa mwaka 1897, haikutosha kuwasukuma. Ndipo katika wilaya ya Wilhelmstal ikabuniwa kadi ya kazi. Kila mwanamume mzima alipewa kadi yake, na katika kila miezi 4 alitakiwa amfanyie Mzungu kazi siku 30 kwa ujira uliokwisha kupangwa. Aliyekosa kutimiza hesabu hiyo alipelekwa kwenye kazi za umma. Katika lugha ya walioubuni, mpango huo uliitwa ajira. Na katika koloni zima mkaidi alifundishwa maana ya maneno "hamsa ishirini", idadi ya viboko vilivyoruhusiwa kwa mara moja, maneno ambayo wazee wa Tanganyika waliendelea kuyatamka muda mrefu baada ya Mjerumani mwenyewe kuondoka.

Haifai kudhani kwamba Ulaya ya siku hizo haikujua. Ilijua. Mwaka 1907 Waziri wa Makoloni wa Ujerumani, Bernhard Dernburg, aliitembelea nchi. Mtu huyo alikuwa ametoka katika kazi ya benki, mtu wa hesabu kuliko wa huruma. Hata hivyo aliporudi Berlin alilalamika mbele ya wabunge kwamba Wazungu wa koloni walitembea na viboko mikononi. Gavana Albrecht von Rechenberg, aliyeshika madaraka Vita vya Maji Maji vikiwa bado havijazimika kabisa, alitaka koloni litegemee mazao ya mkulima Mwafrika kuliko shuruti ya masetla. Masetla wakafanya nini? Walikuwa na gazeti lao, Usambara-Post, lililochapishwa Tanga, na kwa miaka kadhaa wakampiga vita gavana huyo bila kuchoka. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: ukimtanguliza Mwafrika utaua biashara, na biashara ikifa hata huyo Mwafrika hatapata kitu. Msomaji akiibadilisha kabila na tarehe ataikuta hoja hiyo katika kurasa za biashara za magazeti ya Ulaya ya leo.

Wala Rechenberg mwenyewe hakuwa mtetezi wa haki. Alikuwa ameona gharama ya Maji Maji, nchi ya kusini imeteketea na hazina imekauka, akahesabu kwamba mjeledi hauna faida. Kama palikuwa na wakati mmoja ambapo biashara ilionekana kuisogelea haki katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, basi ni wakati huo. Na kilichoisogeza ni damu ya watu waliokataa.

Wakati huo wote biashara yenyewe ilistawi. Kahawa iliuzwa. Magogo ya Shume yaliteremshwa kwa waya hadi Mkumbara. Hata ua dogo la zambarau, ambalo mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul, alilichukua huku mnamo mwaka 1892 akampelekea baba yake, limekuwa pambo la madirisha ya Ulaya nzima, na kwa Kijerumani bado linaitwa kwa jina la Usambara. Faida yake haijapata kuonekana ikipanda barabara ya Mombo. Haki haikufuata nyuma ya kahawa, wala nyuma ya magogo, wala nyuma ya ua. Ilikuja kwa njia nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipowalazimisha wakulima wa Mlalo na sehemu nyingine za Usambara kuchimba matuta, wakulima hao, wanawake kwa wanaume, walikataa. Mpango ukafa katika miaka ya 1950, na TANU ikapata wanachama ambao hawakuhitaji kuelezwa kwa nini nchi ijitawale.

Sasa na itazamwe China. Mwezi Juni 1989 jeshi liliwapiga risasi waandamanaji katika mitaa ya Beijing. Kabla ya mwezi kwisha viongozi wa Jumuiya ya Ulaya, wakikutana Madrid, walikata uuzaji wa silaha na kusimamisha mambo mengine kadhaa. Sehemu kubwa ya hayo mengine ilirudishwa katika muda usiofika miaka 2. Marufuku ya silaha imebaki, ingawa miaka ya 2003 hadi 2005 Rais Jacques Chirac wa Ufaransa na Kansela Gerhard Schröder wa Ujerumani walijitahidi sana kuiondoa. Biashara ikapanda mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2023 thamani ya bidhaa zilizopita baina ya Umoja wa Ulaya na China ilizidi Euro bilioni 700.

Je, haki iliyoahidiwa ilikuja ndani ya makontena hayo? Tarehe 31 Agosti 2022 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa taarifa kuhusu Xinjiang, ikasema kwamba waliyotendewa Wauighur na Waislamu wengine huko huenda yakawa makosa ya jinai dhidi ya ubinadamu. Serikali ya China inaikana taarifa hiyo. Lakini kampuni ya Volkswagen, ambayo ilifungua kiwanda Urumqi, makao makuu ya jimbo hilo hilo, mwaka 2013, haikuondoka kwa sababu ya taarifa hiyo. Ilikaa zaidi ya miaka 2 baada yake, na ilipokiuza kiwanda mwezi Novemba 2024 ilieleza kwamba sababu ni za kiuchumi. Pengine huo ndio ukweli mtupu kuliko yote yaliyosemwa Ulaya juu ya Xinjiang.

Mwisho wa Desemba 2020 Umoja wa Ulaya na China walikamilisha mazungumzo ya mkataba wa uwekezaji. Machi 2021 Umoja wa Ulaya uliwawekea vikwazo maofisa wanne na taasisi moja kwa sababu ya Xinjiang. China ikajibu kwa kuwawekea vikwazo wabunge wa Ulaya, na mwezi Mei Bunge la Ulaya likauweka mkataba kando. Inafaa kuangalia ni mahali gani hasa mkataba ulipokwama. Kilio cha Wauighur kilikuwa kimesikika kwa miaka na mazungumzo yakaendelea. Yalisimama pale wabunge wenyewe walipoguswa.

Tanzania nayo ina kipimo chake cha ukali wa Ulaya. Novemba 2018 Umoja wa Ulaya ulimwita nyumbani balozi wake kutoka Dar es Salaam, na Denmark ikazuia msaada wa kroner milioni 65, kwa sababu zilizotajwa kuwa za haki za binadamu. Hapa hapatetewi kosa lolote. Serikali inayokosea hapana budi iambiwe, na wa kwanza kuiambia wawe ni wananchi wake. Linalopasa kuulizwa ni kwa nini sauti ya Ulaya huwa nene mbele ya nchi inayonunua kidogo na huwa nyembamba mbele ya nchi inayonunua vingi. Kuizuilia Tanzania kroner hakukumgharimu Mdenishi hata kikombe cha chai. Kuinyima China soko kungefunga viwanda vya Ujerumani. Haki inayodaiwa kwa mnyonge peke yake ni desturi ya zamani ya mwenye nguvu, nayo inafahamika vizuri Wilhelmstal.

Wako, kwa upande mwingine, watu hapa nchini ambao wakisikia hayo hufurahi na kuhitimisha upesi kwamba basi Ulaya inyamaze, mambo ya China ni ya China, na mambo ya kila nchi ni ya nchi hiyo. Hao nao wamepotea. Maneno "mambo ya ndani" yalikuwa ngao ya makaburu. Kwa miaka mingi Afrika Kusini ilisimama mbele ya Umoja wa Mataifa ikidai kwamba ubaguzi wa rangi ni shauri lake la nyumbani, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kulikataa dai hilo. Mwaka 1975 Tanzania ilikataa kuhudhuria mkutano wa wakuu wa nchi za OAU uliofanyika Kampala, kwa kuwa Idi Amin ndiye aliyekuwa mwenyeji. Ilikataa kuamini kwamba Mwafrika akiuawa na Mwafrika mwenzake dunia haina la kuuliza. Imani kwamba binadamu wote ni sawa, ambayo Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilianza nayo, haikuwekewa mpaka wa nchi wala wa rangi.

Wala urafiki si sababu ya kufunga mdomo. Wachina waliijenga TAZARA kati ya 1970 na 1975, kilometa 1,860, kwa mkopo usio na riba, wakati ambapo nchi za Magharibi zilikuwa zimekataa kuijenga. Deni hilo la shukrani ni la kweli na halifutiki. Lakini reli ile ilijengwa ili Zambia isipitishe shaba yake kwa makaburu; ni reli ya haki za binadamu kwa maana kamili, na ingekuwa ajabu kuitumia leo kama hati ya kutouliza habari za binadamu wengine.

Basi ni nani aliyepata kupima biashara na haki kwa mizani ya kweli? Jibu halipatikani Brussels. Mapema mwaka 1965 Ujerumani ya Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Tanzania iliiruhusu Ujerumani ya Mashariki kufungua ofisi ya ubalozi mdogo Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakukaa kubembeleza sehemu iliyobaki. Aliwaambia wauchukue na msaada mwingine. Tarehe 11 Novemba mwaka huo Ian Smith na walowezi wenzake wakajitangazia uhuru wao Rhodesia. Tarehe 15 Desemba, kwa kutii azimio la OAU, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, iliyoshindwa kuwazima waasi hao. Uingereza ikazuia mkopo wa Pauni milioni 7.5. Kwa nchi iliyokuwa na miaka 4 ya uhuru, fedha hizo zilikuwa barabara, zahanati na shule ambazo hazikujengwa. Uhusiano haukurudi hadi mwaka 1968.

Yako ya kulaumiwa katika uamuzi ule. Wachumi wa siku hizo waliulaumu, na nchi nyingi za Afrika zilizopiga kura pamoja na Tanzania hazikuutekeleza. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba ulikuwa maneno matupu, maana bei yake ilijulikana kwa tarakimu, na aliyeutangaza ndiye aliyeilipa.

Hicho ndicho kipimo ambacho Ulaya haijajiwekea. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kupiga marufuku bidhaa zilizotengenezwa kwa kazi ya shuruti. Itaanza kutumika Desemba 2027. Ni sheria njema, na watu wa Usambara, wajukuu wa wenye kadi za siku 30, wana kila sababu ya kuipokea. Itajulikana siku ya kwanza itakapozuia bandarini kitu ambacho Ulaya inakihitaji kweli, kama vile vioo vya umeme wa jua au betri. Kabla ya siku hiyo, mtumishi wa serikali ana haki ya kutilia shaka, kwa kuwa sheria nyingine ya namna hiyo, ile ya mwaka 2023 inayohusu ukataji wa misitu, imekwisha kuahirishwa zaidi ya mara moja kwa malalamiko ya wafanyabiashara. Na mzigo wake unamwangukia nani? Sheria hiyo inataka kila gunia la kahawa lijulikane limetoka katika shamba gani hasa. Mnunuzi wa Hamburg ataandika barua. Mkulima wa Lushoto mwenye robo eka iliyoshikamana na mteremko ndiye atakayetafutiwa mtu wa kuja kupima shamba lake, na bei ya kahawa haitaongezwa kwa sababu ya kipimo. Msitu wa Magamba unastahili kulindwa, hilo halina ubishi. Ila anayetaka ulindwe, naye ni tajiri kuliko anayeishi kando yake, na alipie.

Mambo haya yanawahusu watumishi wa serikali na walimu wa milimani kuliko wanavyodhani wengi wao. Mwekezaji anapofika Usambara, awe ametoka Shanghai, Rotterdam au Dar es Salaam, akitaka ardhi ya chai, mbao au madini, huja na dai lile lile la kale kwamba maendeleo yatangulie na haki za vibarua zitafuata. Ofisa wa kazi anayeamua kutokwenda kukagua kambi ya wafanyakazi kwa kuogopa kumfukuza mgeni amelikubali dai la Usambara-Post, hata kama hajapata kulisikia jina la gazeti hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekataza kazi ya shuruti na ajira ya watoto, nayo haikuweka ubaguzi kwa mwekezaji wa taifa lolote. Mkataba ulioandikwa kwa Kichina au kwa Kiingereza na kuwekewa dole gumba na mpalilia chai asiyejua lugha hiyo unapaswa kurudishwa ukaandikwe kwa Kiswahili kabla haujatiwa mhuri.

Lushoto kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ambako makarani na mahakimu husomea kazi yao, katika mji ule ule ambamo zamani kadi za siku 30 zilikuwa zikigongwa mihuri. Wanafunzi wake hufundishwa sheria za kazi kutoka vitabuni. Haingekuwa taabu kuwapeleka, kwa siku moja tu ya muhula, hadi Derema na Lewa, wakaelezwa ni akina nani waliofanya kazi pale mwaka 1892, walitoka wapi, na ni kiasi gani cha mazungumzo ya haki kilichokuwa kikiendelea Berlin wakati ule.